Kabati Lililoziba Mlango

Mama mmoja alikuwa na nyumba kubwa, lakini hakuwa na mahali pa kukaa. Jina lake Namkunda, na katika kijiji chake, kule mlimani wanakolima tangawizi, watu walimwita Mama Yonazi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe, Mzee Mbonea, alikuwa fundi seremala, mtu wa mikono mizito na maneno machache, na nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma. Aliijenga kubwa kwa sababu alitaka watoto wake watatu, siku wakija na watoto wao, wote wapate pa kulala. Hilo alilisema mara nyingi mpaka hata waliomsaidia kuchanganya udongo walichoka kulisikia.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Mzazi akifariki, vitu vyake havigawanywi mpaka watoto wake wote walale usiku mmoja chini ya paa lake. Asubuhi yake, kabla ya chai, vitu vinatolewa uani, na kila mtoto anachukua kilicho chake. Waliouweka utaratibu huo hawakuwa wajinga. Waliona kwamba ndugu waliolala pamoja hawaamki wakigombania kiti. Lakini siku ya kuondoa matanga ya Mzee Mbonea, binti yake Nakiete alikuwa hospitali, amejifungua juzi yake tu. Mama akasema hakuna haraka, tutangoja siku watakapokuwepo wote. Kitanda cha mninga, kabati la milango mitatu, meza ndefu na viti vyake, vyote kazi ya mikono ya marehemu, akaviingiza chumbani, akavifunika mashuka, akafunga mlango. Alifanya hivyo kwa heshima na kwa mapenzi, wala hakuna wa kumlaumu.

Baadaye vikaja vya watoto. Yonazi, aliyekuwa dereva wa lori huko Tanga, mkewe alinunua makochi mapya. Lile la zamani, refu, la kitambaa cha maua, akalipakia kwenye lori na kulipandisha mlimani, akamwambia mama amtunzie kidogo. Nakiete, mshonaji mjini Moshi, akaleta cherehani yake ya kwanza, ile ya kukanyaga kwa mguu, pamoja na kabati la nguo lililopoteza mlango mmoja katika kuhamahama. Naye akasema nitunzie. Zefania, kitinda mimba, alikuwa na kazi yake Morogoro. Yeye alileta friji lisilogandisha tena na televisheni yenye mgongo mkubwa, akasema neno lile lile walilosema ndugu zake.

Na mama yule akatunza. Jamani, alitunza! Alivifumia vitambaa vya kuvifunika, vyeupe kwa siku za kawaida na vya rangi kwa sikukuu. Alivipangusa vumbi kila alipopata nafasi. Hakusema kochi, alisema kochi la Yonazi. Hakusema cherehani, alisema cherehani ya Nakiete, na ukiisogeza kidogo alikuangalia mpaka unairudisha. Mgeni hakukalishwa juu ya kitu chochote, kwa sababu mwenyewe hajaja. Ndiyo maana katika nyumba ile yenye viti vingi kuliko kanisa, watu walikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jirani yake Nambua, mwanamke wa utani asiyejua kunyamaza, alikuwa akisema kwamba kwa Mama Yonazi unabisha hodi kwanza kwa viti, vikikubali ndipo unaingia.

Chumba cha wavulana kikajaa, kikafungwa. Cha Nakiete kikajaa. Cha wageni kikajaa, na wageni wenyewe walishaacha kuja. Friji la Zefania likaegemezwa kwenye mlango wa uani, na tangu siku hiyo mlango huo ukawa ukuta. Sebuleni ikabaki njia ya mtu mmoja, tena apite ubavu, na Mama Yonazi hakuwa mwembamba. Alipita amebana pumzi. Chumba chake mwenyewe akakiachia magodoro na masanduku, akahamia kitanda cha kamba kwenye ujia wa kwenda jikoni. Aliyefaidi alikuwa kuku mmoja mwekundu, aliyepitia dirishani, akaliona kochi la Yonazi, akalipenda. Alitaga pale na kuangua pale. Mama alimfukuza mpaka akachoka, mwisho akamwacha. Kwa hiyo katika nyumba nzima ya Mzee Mbonea aliyelala vizuri alikuwa kuku.

Kila Krismasi watoto walipanda mlimani, kama wanavyopanda watu wote wa kule. Walikula barazani, wali na nyama ya mbuzi, wakacheka, wakakumbushana ya utotoni. Jua likianza kuinama, Yonazi aliutazama mlango, akajikuna kichwa, akakumbuka lori. Nakiete alisema mtoto wake anakohoa kwa sababu ya vumbi. Zefania alikuwa na rafiki wa kuonana naye kule bondeni. Wakaenda kulala gesti mjini. Mama aliwafungia tangawizi na mkungu wa ndizi, akasimama njiani mpaka mngurumo wa gari ukapotea, akarudi ndani ubavu ubavu, akalia kidogo.

Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Alijiambia kwamba wanawe wamekuwa watu wa vigae na maji ya bomba, wanaona kinyaa kulala kwao. Tena mgawo wa vitu vya baba yao ulikuwa haujafanyika, na kila mwaka uliopita aliona kama amemkosea marehemu. Vitu vilingoja watu walale. Watu walingoja vitu viondoke. Na kwa sababu ni familia ya watu wenye adabu, hakuna aliyelitaja neno hilo.

Mwaka mmoja magoti yalianza kumsumbua, na siku nyingine alishindwa kupanda shambani. Hofu ikamwingia kwamba atamfuata mumewe kabla hajatimiza. Akaazima simu ya Nambua, akawapigia wanawe mmoja baada ya mwingine. Hakuwabembeleza. Aliwaambia kwamba Krismasi hii wanalala nyumbani, wote, na asubuhi yake vya baba yao vitagawanywa, na asiyetaka aseme sasa. Hakuna aliyesema. Akarudisha simu anaimba, akafika kwake, akaufungua mlango, na hapo ndipo wimbo ulipomkauka. Watalala wapi?

Basi siku waliyotarajiwa kufika alijifunga kanga kiunoni tangu alfajiri, akaanza kutengeneza nafasi. Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi wetu tulipo. Mama yule alifanya kazi kama punda, jasho likamtoka, lakini hakutoa nje hata kijiti. Alipanga upya tu. Kochi alilipandisha juu ya meza kwa msaada wa Nambua, viti akavipandisha juu ya kochi, televisheni akaiweka juu ya kabati bovu la nguo. Kabati la marehemu, lile la milango mitatu, alilikokota kutoka chumbani akaliegesha sebuleni, karibu na mlango wa mbele. Nambua alimuuliza kwa nini vingine visitolewe uani kwa siku hiyo tu. Akajibu kwamba vina wenyewe, na desturi ni desturi, havitoki kabla hawajalala. Nambua akaenda zake kupika.

Hata hivyo ikapatikana nafasi, ya mkeka mmoja. Mama Yonazi alifurahi sana, akautwaa mkeka akatoka nao nje kuukung'uta. Kuku naye akaja kutaga. Akaingia dirishani kama kawaida yake, akakuta kiota chake kimepanda karibu na dari, akaruka akifuata. Akaangusha kiti. Kiti kikasukuma kingine, nacho kikaligonga kabati la marehemu, na kabati lile zito likainama taratibu, likaangukia mlango kwa ndani. Kishindo chake kilisikika mpaka kwenye mashamba ya tangawizi.

Mama aliusukuma mlango, haukusogea. Alizunguka nyuma, akakutana na friji la Zefania. Dirisha la mbao lilikuwa wazi, lakini lilikuwa juu, na magoti yake hayakuwa ya kupandia madirisha. Mchele ulikuwa ndani, nyama ndani, viatu vyake na gauni la sikukuu ndani. Yeye alikuwa nje na mkeka. Nambua akaja mbio akidhani mtu amekufa, akamkuta mwenzake amefungiwa nje na kabati, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Mama Yonazi alikasirika, kisha akakaa juu ya ndoo, akalia kwa sauti. Halikuwa jambo dogo. Wanawe walikuwa njiani, wote watatu, kuja kulala nyumbani kwa mara ya kwanza tangu baba yao afariki, na pengine kwa mara ya mwisho. Wangekuta mlango umeziba, wangerudi gesti, na safari hii wangekuwa na sababu.

Wakafika. Walishuka na mabegi na watoto wao, wakamkuta mama yao juu ya ndoo, macho mekundu, mkeka magotini. Yonazi aliupiga mlango bega mpaka bega likamuuma. Zefania akachungulia dirishani, kisha akasema hakuna namna nyingine. Yeye ataingia kwa dirisha, na vitu vitolewe kimoja kimoja mpaka kabati lifikiwe.

Mama akainuka. Akaenda akasimama katikati ya dirisha na wanawe. Vitu vya marehemu vitoke kabla watu hawajalala? Miaka yote ile alikuwa amesimama hivyo hivyo, ila safari hii walimwona. Hakuna aliyemsogeza na hakuna aliyemkaripia. Akalitazama jua. Akawatazama wajukuu waliokaa juu ya mabegi yao kama abiria waliokosa basi. Kisha mwenyewe, kwa miguu yake, akasogea pembeni.

Zefania akaingia. Vikatoka viti, ikatoka televisheni, zikatoka droo za kabati, yakatoka mayai ya kuku. Kabati likainuliwa, mlango ukafunguka. Wangeweza kuishia hapo, lakini kazi ilikuwa imewakolea. Yonazi alishika upande mmoja wa kochi, shemeji yake, mume wa Nakiete, akashika wa pili, Nakiete akavuta cherehani yake, Nambua akaja na wanawe wawili wenye misuli, na kabla ya magharibi nyumba yote ilikuwa imetapikwa uani. Ungedhani ni mnada. Wajukuu waliruka juu ya kochi la maua. Mama akafungua kinywa awaambie kwamba lina mwenyewe, akamwona mwenyewe amekaa pale pale katikati yao, anakula ndizi. Akafunga kinywa.

Akaingia ndani kuchukua mchele. Alipomwita Nakiete amletee sufuria, sauti yake ikamrudia kutoka ukutani, akashtuka, maana alikuwa amesahau kwamba sebule ile ni kubwa kiasi hicho. Sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu. Hilo pia alilisahau. Na pale lilipokuwa rundo, karibu na kona, palikuwa na alama ya unyayo mdogo. Siku sakafu ilipomwagwa, Zefania, akiwa bado mtoto, alikimbia juu yake kabla haijakauka, na Mzee Mbonea akawakataza watu wasiusawazishe. Mjukuu mmoja aliyemfuata bibi yake ndani aliuona, akavua kiatu, akaweka mguu wake humo. Ukaenea sawasawa. Mama Yonazi alisimama pale mpaka wakaja kumkumbusha mchele.

Usiku ule walilala wote sebuleni, kwenye mikeka na magodoro, mama katikati. Yonazi alikoroma kama baba yake.

Asubuhi, kabla ya chai, ukafanyika mgawo. Umande ulikuwa umeloanisha vitambaa. Mama alisimama uani na kanga safi, akaanza na mkubwa, akamwambia achukue kochi lake. Yonazi akatazama vidole vya miguu yake. Ikabidi aseme. Mkewe hakulitaka tena lile kochi. Kulitupa aliona uchungu, na kumpa mama yake kitu kikuukuu aliona aibu, ndipo akasema nitunzie. Nakiete akaambiwa achukue cherehani na kabati, akaanza kucheka kwa haya, akakiri kwamba na yeye ni vivyo hivyo. Friji la Zefania lilikuwa limeshakufa hata siku linapanda mlimani. Na kabati la marehemu, je? Hakuna aliyekuwa na chumba cha kuliingiza. Waliliacha kwa sababu waliona mama analipenda. Kila mmoja alidhani mama anavipenda vitu vile, na wakija, wakiona vimekaa kila mahali na vimevishwa vitambaa, waliona ni adabu kuondoka.

Mama alibaki amesimama, kitambaa cha kupangusia mkononi. Miaka yote aliyopita ubavu. Miaka yote ya kulala ujiani. Akawauliza wanawe, bila hasira, maana alitaka kujua kweli, wao walikuwa wanataka nini katika nyumba ile.

Aliyejibu ni Zefania, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni.

"Mahali pa kulala, mama."

Nakiete aliinamisha uso. Mama Yonazi akakiweka chini kitambaa cha kupangusia. Akajiachia akakaa juu ya kochi la Yonazi, kwa mara ya kwanza tangu lilipopanda mlimani, na akakalia yai. Kuku alikuwa ameamka mapema kuliko wote. Mama akajishika nyuma, akautazama mkono wake, akaanza kucheka. Akacheka wanawe wakacheka, Nambua akasikia huko kwake akaja kuuliza kuna nini, na kabla hajajibiwa akawa anacheka kuliko wenyewe.

Baada ya chai mgawo ukaendelea, ila kwa mtindo mwingine. Yonazi alichukua randa ya baba yake, Nakiete kofia yake, Zefania futi yake ya kupimia mbao. Hivyo vilienea mifukoni na mabegini. Vingine vikaitiwa majirani. Cherehani ilikwenda kwa binti aliyemaliza kujifunza kushona na hakuwa na chombo. Kitanda cha mninga walipewa maharusi waliokuwa wakilala chini. Kabati la marehemu likabebwa hadi kwenye darasa la watoto wadogo pale kanisani, nalo lilijaa siku hiyo hiyo. Friji alilitaka mzee mmoja ahifadhie mahindi, panya wasiyafikie, akalipokea kwa shukrani kama jipya. Kochi likashuka mteremko juu ya vichwa vya vijana wa Nambua, na kuku mwekundu akalifuata nyuma akilalamika njia nzima. Meza ndefu tu ndiyo iliyorudi ndani, kwa sababu sasa ilikuwa na watu wa kuikalia.

Siku hiyo jua lilipoinama, Mama Yonazi akaingia jikoni, akaanza kufunga tangawizi na ndizi kama alivyozoea. Yonazi akamkuta, akamwuliza anamfungia nani. Kisha akatoka kwenda kutandika mkeka.

Hayo ndiyo ya Mama Yonazi. Nawe uliyejaza kila chumba, ukifunika, ukipangusa, ukisema unatunza: huyo unayemtunzia akija leo jioni, atalala wapi?